Ndengu za mashine zipikwe
Mashine ya kuotesha ndengu hukupunguzia kazi, kwani huzinyunyizia maji yenyewe. Baada ya siku tatu au nne una mboga yenye vitamini C, ambayo ndengu kavu karibu hazina. Lakini mashine haiui viini. Vikiwemo kwenye mbegu, joto na unyevu ule ule unaootesha huvizidisha, hata chombo kiwe safi namna gani. Nchini Ujerumani mwaka 2011, zaidi ya watu 50 walikufa kutokana na uwatu ulioota, ulioliwa mbichi. Kwa hivyo msomaji, zipike hadi zitoke mvuke, hasa nyumbani mkiwa na mtoto mdogo, mja mzito au mzee. Vitamini kidogo itapotea. Heri hiyo kuliko kuhara damu. Mbegu za kupanda zilizotiwa dawa usizioteshe kamwe, hata ukiziosha.