Usaha wa Kiungo: Jina la Ugonjwa na Tiba Yake kwa Watoto

Katika kazi ya kuunda istilahi za tiba huwa tunadhani kwamba hasara ya neno lisilofaa ni mkanganyiko wa wasomaji tu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hasara hiyo yaweza kufika hata kwenye nyonga ya mtoto. Mfano wetu tumeuchukua katika maradhi ya viungo vya watoto, na mahali petu ni Mpanda na mkoa mzima wa Katavi.

Mkoa huo, uliotengwa na Rukwa mwaka 2012, ni mahali ambapo Kiswahili hubeba mzigo mzito katika zahanati. Wapimbwe, Wabende na Wakonongo ni wenyeji wa tangu zamani. Wasukuma wameingia na mifugo yao katika miongo ya karibuni. Na huko Katumba na Mishamo wamo watu ambao wazee wao walikimbia Burundi mwaka 1972, na Kirundi ndicho lugha yao ya nyumbani. Mama na mganga hukutana katika Kiswahili. Neno la Kiswahili likipotoka, mara nyingi hapana lugha nyingine ya kulisahihisha.

Neno lenyewe ni "baridi yabisi". Asili ya "yabisi" ni Kiarabu, na maana yake ni kitu kikavu, kigumu, kilichokakamaa. Jina hili lamfaa mzee ambaye magoti yake hukakamaa asubuhi. Lakini bibi akiona goti la mjukuu wake limevimba na kusema kwamba ni baridi yabisi, amekwisha toa na dawa: goti likandwe kwa maji ya moto, lisuguliwe mafuta, na mtoto afunikwe. Jina limetangulia, tiba imelifuata.

Sasa tuangalie yaliyomo ndani ya goti hilo. Kiungo ni mahali ambapo mifupa hukutana. Ncha za mifupa zimefunikwa na gegedu nyororo, na zote zimezungukwa na mfuko wenye ute wa kuzilainisha. Bakteria, mara nyingi wale waitwao stafilokokasi, huingia katika damu kwa njia ya kidonda au jipu, au pasipo mlango unaoonekana, wakafika katika mfuko huo. Ute hugeuka usaha. Usaha huila gegedu, na gegedu iliyoliwa hairudi kama ilivyokuwa. Katika nyonga hatari huzidi, kwa kuwa msongo wa usaha huibana mishipa midogo ya damu inayokilisha kichwa cha mfupa wa paja, na kichwa hicho chaweza kufa katika muda wa siku chache. Mtoto akipona baada ya hapo, hupona akiwa kilema. Ni dhahiri basi kwamba ugonjwa huu hauna baridi wala yabisi. Una moto na majimaji.

Dalili zake zinaweza kutambuliwa hata pasipo vyombo vikubwa. Mtoto huwa na homa, na kiungo kimoja, hasa goti au nyonga, humwuma hata akakataa kuukanyagia mguu. Goti huvimba na kuwa na joto. Nyonga imejificha ndani ya nyama, kwa hiyo uvimbe wake hauonekani. Mtoto hulala amelikunja paja na kuligeuzia nje. Aidha, maumivu ya nyonga huweza kusikika gotini, na kwa sababu hiyo apimaye goti hana budi kupima na nyonga. Mtoto mchanga huenda asiwe na homa kabisa. Huacha tu kuuchezesha mkono au mguu, kana kwamba umepooza, na hulia kila anapobadilishwa nguo.

Yako majina mengine yanayoweza kuuficha ugonjwa huu. La kwanza ni "kuteguka", kwani watoto huanguka kila siku; lakini kuteguka peke yake hakuleti homa. La pili ni "malaria". Katika mkoa ambako malaria ni ugonjwa wa kila siku, kipimo cha damu chaweza kuonyesha vijidudu vyake, na huku kiungo kikaendelea kuharibika. La tatu ni "homa ya baridi yabisi", ile inayofuata maumivu ya koo na kuweza kuudhuru moyo. Homa hiyo huhama kutoka kiungo kimoja hadi kingine, ambapo usaha kwa kawaida hukaa katika kiungo kimoja. Kifua kikuu cha viungo nacho huja polepole, kwa wiki na miezi.

Mganga wa zahanati anayeshuku ugonjwa huu asimrudishe mtoto nyumbani na vidonge vya maumivu. Yafaa ampeleke hospitali siku hiyo hiyo. Kwa atokaye Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, au Mishamo, safari ya Mpanda ni ndefu, na mvua huirefusha zaidi. Ikiwa safari itachelewa, sindano ya kwanza ya kiuavijasumu itolewe kabla ya kuondoka. Hospitalini kiungo huchomwa sindano safi, majimaji yakavutwa na kupimwa. Usaha hauna budi kutolewa, kwa sindano au kwa upasuaji, na nyonga mara nyingi huhitaji upasuaji. Dawa kama kloksasilini hutolewa kwanza kwa njia ya mshipa. Mtoto mdogo sana, au mwenye selimundu, huhitaji dawa inayoweza kuua na bakteria wa salmonela. Homa ikiisha, dawa huendelezwa kwa kinywa hadi zitimie kama wiki 3 kwa jumla, au 5 ikiwa mfupa nao umeshambuliwa. Mzazi aelezwe wazi kwamba mtoto kuanza kutembea si ruhusa ya kuacha dawa.

Je, ugonjwa huu tuuiteje? "Ugonjwa wa kiungo" hakutoshi, maana kiungo ni mkono, ni mguu, na jikoni ni bizari. "Jipu la kiungo" laeleweka upesi, lakini lina hatari yake: watu wetu wamezoea kungoja jipu liive, na katika kiungo kungoja ndiko kuharibu. Sisi tunapendekeza "usaha wa kiungo" kwa matumizi ya watu wote, na "uambukizo wa kiungo kwa bakteria" kwa maandishi ya wataalamu. Jina la kwanza lataja kitu kilichomo na mahali kilipo. Alisikiaye, hata akiwa na lugha nyingine nyumbani, atafahamu mwenyewe kwamba usaha hautolewi kwa kukanda. "Baridi yabisi" nalo libaki na wazee, ambako ndiko mahali pake.

Tunawaomba waganga, wauguzi na walimu wa afya walioko vijijini watuletee majina wanayoyasikia kwa akina mama juu ya ugonjwa huu, pamoja na tiba inayofuatana na kila jina. Istilahi itakayokubaliwa ipimwe kwanza kwa swali moja: mama akiisikia, atamkanda mtoto au atambeba kwenda hospitali?