Kuhamia Windows 11: kagua kompyuta kabla mzigo haujafika mpakani

Kigali - Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta yenye mfumo huo inaendelea kuwaka, lakini isipoandikishwa katika mpango wa nyongeza haipati tena marekebisho ya usalama. Kwa mfanyabiashara anayetuma ankara na nyaraka za forodha akiwa nyumbani, hatari ni kubwa: kirusi kimoja kinaweza kufunga mafaili yote huku lori likisubiri Rusumo au Gatuna.

Kuhamia Windows 11 ni bure kwa mwenye Windows 10 halali. Hata hivyo, si kila kompyuta inafaa. Inatakiwa memori ya GB 4, diski ya GB 64, prosesa iliyokubaliwa (kwa Intel, nyingi ni kuanzia kizazi cha 8) na chipu ya usalama, TPM 2.0. Kuiangalia, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kisha andika tpm.msc. Pengine chipu ipo ila imezimwa. Fundi huiwasha kwenye BIOS.

Kabla ya kuanza, nakili ankara, vibali na hesabu kwenye diski ya nje. Aidha, hakikisha printa na programu ya EBM ya kutolea risiti za Mamlaka ya Mapato ya Rwanda vinakubali mfumo mpya. Mwisho, chagua siku ambayo huna mzigo njiani: umeme ukikatika katikati ya kazi, kompyuta inaweza kugoma kuwaka.