Mkono Bado Una Kazi

Kazi za Kyela, kusini magharibi mwa Tanzania, ni za mikono, na nyingi zake hufanywa na wanawake. Mpunga hupaliliwa, hukatwa, hupigwa na kupepetwa. Kakao hupasuliwa na mbegu zake kuanikwa. Mawese hukamuliwa, usipa hugeuzwa juani ufukweni Matema, na kule Ikombe, chini ya milima ya Livingstone, wanawake wa Kikisi hufinyanga vyungu ambavyo husafirishwa kwa mitumbwi hadi soko la Lyulilo.

Mwanamke wa mazingira haya akiambiwa ana saratani ya titi, swali la kwanza ni kama atapona. La pili, ambalo daktari halisikii mara nyingi, ni kama atarudi shambani. Swali hilo si dogo. Saratani ya matiti ni ya pili kwa wingi miongoni mwa wanawake wa Tanzania, baada ya ile ya mlango wa kizazi, na duniani kote iliwapata wanawake wapatao milioni 2.3 mwaka 2022 pekee. Kila anayepona hurudi nyumbani na mwili uliopitia kisu, dawa au mionzi, na kwa wengi kiungo kinachosumbua zaidi baadaye si kifua. Ni mkono.

Dalili huanza taratibu. Pete inabana, bangili haipiti, mkono wa gauni unakaza upande mmoja, na jioni mkono unakuwa mzito kama si wako. Hospitalini hali hii huitwa limfidema. Inaweza kuanza miezi michache baada ya upasuaji au miaka kadhaa baadaye, wakati mgonjwa na familia yake walishaamini kwamba mambo yamekwisha.

Kwapani kuna nini?

Moyo unaposukuma damu, sehemu ya majimaji yake huvuja kutoka kwenye mishipa midogo na kupita katikati ya seli. Majimaji hayo, pamoja na protini na mabaki ya seli, hukusanywa na mishipa mingine myembamba, mishipa ya limfu, na kurudishwa kwenye damu karibu na shingo. Mishipa ya limfu haina moyo wa kuisukumia. Limfu husogea kwa sababu kuta za mishipa hujikaza, na kwa sababu misuli inayoizunguka huiminya kila tunapofanya kazi au kuvuta pumzi ndefu. Vilango vidogo ndani yake huzuia isirudi ilikotoka.

Njiani limfu hupita kwenye tezi, ambazo huichuja na kukamata vijidudu. Sehemu kubwa ya limfu ya titi hupitia tezi za kwapani, na ya mkono pia. Ndiyo maana seli za saratani zikitoroka kwenye titi, kwapa huwa kituo chao cha kwanza, na ndiyo maana daktari wa upasuaji huzitoa tezi hizo ili ajue ugonjwa umefika wapi na kuupunguza. Mionzi ikielekezwa huko nayo huacha makovu. Mkulima wa mpunga anajua kinachotokea mfereji wa kutolea maji ukizibwa: maji hayatoweki, hutuama jarubani.

Mwaka 2013 jarida la The Lancet Oncology lilichapisha uchambuzi uliojumlisha matokeo ya tafiti nyingi. Kwa jumla, karibu mwanamke 1 kati ya 6 waliotibiwa saratani ya matiti alivimba mkono. Kati ya waliotolewa tezi za kwapa zote au nyingi, waliovimba walikuwa karibu asilimia 20. Kati ya waliotolewa tezi chache tu za mwanzo, zile zinazopokea limfu ya titi kabla ya nyingine, walikuwa karibu asilimia 6.

Njia hiyo ya pili inahitaji vifaa vya kuzitambua tezi za mwanzo, na humfaa hasa mgonjwa aliyewahi hospitali kabla kwapa halijajaa uvimbe. Wagonjwa wengi wa Tanzania hufika saratani ikiwa hatua ya tatu au ya nne, na hapo uchaguzi huwa umeshawaponyoka. Kwa hiyo kuwahi kupima kunaokoa maisha, na kunaokoa mkono pia.

Kyela inaujua uvimbe huu

Kuna sababu ya kuizungumzia limfidema Kyela kuliko mahali pengine. Bonde hili la joto, lenye mito ya Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe na mafuriko ya kila masika, limeishi na matende kwa vizazi. Matende husababishwa na minyoo midogo, *Wuchereria bancrofti*, inayoenezwa na mbu. Minyoo iliyokomaa hukaa ndani ya mishipa ya limfu kwa miaka. Mishipa hutanuka, vilango vyake hulegea, na limfu hushindwa kupanda.

Watafiti walipopima damu za watu Kyela mwaka 2009, walikuta zaidi ya robo yao wana maambukizi hayo. Ugawaji wa dawa za ivermectin na albendazole kwa jamii nzima, ambao Tanzania Bara iliuanza kisiwani Mafia mwaka 2000, ulifika hapa na kiwango hicho kikaporomoka. Takwimu za Kyela zilisomwa pia nje ya nchi. Mwaka 2016 The Lancet lilichapisha utafiti wa kusini magharibi mwa Tanzania ulioonyesha kuwa watu wenye minyoo hii walikuwa katika hatari ya kupata VVU karibu mara mbili ya wasio nayo. Mfumo wa limfu ni njia ya maji na ni kambi ya kinga ya mwili pia, na kuvurugika kwake hakuishii kwenye uvimbe.

Mnyoo na kisu cha upasuaji ni visababishi viwili tofauti kabisa. Saratani haiambukizwi na mbu, wala mkono uliovimba baada ya upasuaji si matende. Lakini mfereji ulioziba ni uleule, na matunzo yake yanafanana mno: kuosha, kukausha, kuinua, kufanya mazoezi, kutibu michubuko mapema. Wahudumu waliowafundisha wagonjwa wa matende kuosha miguu yao tayari wanajua sehemu kubwa ya somo linalomhusu mwanamke aliyepona saratani.

Ushauri wa zamani na jaribio la 2009

Kwa miaka mingi wanawake waliotolewa tezi waliambiwa wasinyanyue kitu kizito kwa mkono ule, maisha yao yote. Ushauri ulitokana na hofu kwamba kazi huongeza limfu kuliko mishipa iliyobaki inavyoweza kubeba. Kwa mwenye kazi ya ofisini ni usumbufu. Kwa mwanamke wa Ipinda au Matema ni sawa na kuambiwa astaafu bila pensheni.

Kathryn Schmitz na wenzake nchini Marekani waliamua kuipima hofu hiyo. Waliwachukua wanawake 141 ambao mikono yao ilikuwa imeshavimba na kuwagawa makundi mawili. Kundi moja lilinyanyua vyuma mara mbili kwa wiki, likianza na uzito mdogo na kuongeza polepole, huku mkono umevikwa soksi ya kubana. Kundi la pili liliendelea na maisha yake ya kawaida. Baada ya mwaka mmoja, matokeo yaliyochapishwa katika The New England Journal of Medicine mwaka 2009 yalionyesha kwamba vyuma havikuongeza uvimbe. Isitoshe, hali ilizidi kuwa mbaya kwa asilimia 14 ya walionyanyua, ilhali wasionyanyua walikuwa asilimia 29.

Sababu inarudi kwenye jinsi limfu inavyosafiri. Misuli ndiyo pampu yake. Mkono uliofichwa ndani ya kanga bila kazi hunyong'onyea, na siku unapolazimika kubeba kitu, mzigo mdogo huwa mkubwa kwake.

Tusidanganyane hapa. Wanawake wale walianza na uzito mdogo na walisimamiwa. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 na zaidi, na kuiinua hadi kichwani ni kuvuta bega lote. Aliyetoka upasuaji aanze na kidumu kidogo, aongeze wiki hadi wiki akiutazama mkono, na kwenye ndoo aombe mtu wa kumtwika. Mkono ukiwa mzito au ukiuma kesho yake, apunguze. Jembe, mchi na ungo vitamrudia kwa mpangilio huohuo.

Hata kabla ya jembe kuna bega. Mionzi ya titi humtaka mgonjwa alale na mkono umeinuliwa juu ya kichwa, na bega lililoganda linaweza kuchelewesha matibabu. Jaribio la Uingereza lililoitwa PROSPER, lenye wanawake 392 na kuchapishwa katika BMJ mwaka 2021, lilionyesha kuwa mazoezi yaliyoanza mapema chini ya mtaalamu wa viungo yaliwaacha wanawake na mikono inayofanya kazi vizuri zaidi baada ya mwaka. Mengi ni mepesi: kukunja na kukunjua ngumi, kuchana nywele kwa mkono ule, kutambaza vidole ukutani kuelekea juu. Mtaalamu ndiye wa kusema lipi lianze lini.

Ngozi ndiyo mlango

Limfu iliyotuama ina protini nyingi, na bakteria huipenda. Mchubuko wa jani la mpunga au panga la kakao unaweza kuwa mlango wao. Kila shambulio huharibu mishipa zaidi, na uvimbe unaofuata huwa mgumu zaidi kurudi. Kwa hiyo mkono uoshwe kwa maji safi na sabuni kila siku, ukaushwe hata katikati ya vidole, na kila kidonda kisafishwe palepale.

Vitabu vingi husema dalili ya maambukizi ni wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha. Tafuta joto, maumivu, homa na mkono kuvimba ghafla, na usingoje hadi kesho kwenda zahanati, kwa sababu dawa hufanya kazi vizuri zikiwahi. Uvimbe mpya wowote unahitaji kuonwa na daktari, maana mara nyingine saratani iliyorudi ndiyo inayoziba.

Mambo mawili ya nyumbani yaachwe kabisa. La kwanza ni kuchanja chale ili "maji yatoke": hayatatoka ya kutosha, ila bakteria wataingia. La pili ni kukanda kwa maji ya moto. Mishipa ya fahamu ya kwapa mara nyingi hukatwa wakati wa upasuaji na ngozi ya ndani ya mkono hufa ganzi, hivyo mtu anaweza kuungua bila kuhisi.

Kinachoweza kufanyika hapahapa

Kutoka Kyela hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya ni zaidi ya kilomita 100, kupitia Tukuyu. Hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1996 katika hospitali ya enzi ya Wajerumani, ni zaidi ya 900. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliweka malengo kwa kila nchi: angalau asilimia 60 ya saratani za matiti zigunduliwe katika hatua mbili za mwanzo, uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60, na asilimia 80 ya wagonjwa wamalize matibabu. Malengo hayo yanataka fedha, mashine na barabara.

Mkono unataka machache kuliko hayo. Kitaalamu, tofauti ya sentimita 2 kati ya mikono miwili, ikipimwa mahali palepale, huchukuliwa kuwa ishara ya limfidema, na uvimbe ukikamatwa ungali laini hutulizwa kwa urahisi kwa bandeji, soksi ya mkono na mazoezi. Kupima kunahitaji utepe wa fundi cherehani. Lakini hakuna cha kulinganisha nacho kama mikono haikupimwa kabla ya upasuaji, kwa kuwa kwa wengi wetu mkono wa kulia na wa kushoto hailingani toka mwanzo.

Basi anayekwenda kupasuliwa aombe mikono yote miwili ipimwe kwanza, na vipimo viandikwe kwenye karatasi atakayorudi nayo. Zahanati ya kijiji ikiendelea kupima kila anapohudhuria, na mhudumu aliyezoea wagonjwa wa matende akipewa na mkono huu kuutunza, swali la kurudi shambani litajibiwa Kyela kwenyewe.