Kuhamia Mafia kwa akiba ndogo

Walikuja na kaunta buku. Ukurasa wa kwanza waliandika MAFIA kwa kalamu nyekundu, wakapiga mstari mara mbili, na chini yake vikafuata kiwanja, mawe, saruji, bati, friza la barafu, cherehani ya pili na nauli. Mume ni fundi friji, mke mshonaji. Wote wawili wamechoshwa na foleni ya Mbagala, Dar es Salaam, na kodi ya nyumba inayopanda kila mkataba unapoisha. Akiba yao ilikuwa shilingi milioni 14. "Mzee," akauliza mke, "zinatosha?"

Nikamuuliza: zinatosha mpaka mwezi gani?

Wakatazamana. Daftari lote halikuwa na jina la mwezi hata mmoja. Nimeshauri kaya nyingi juu ya fedha zao, na kwa wanaohamia visiwani kosa hili ndilo ninalolikuta mara kwa mara. Mtu anayehama kutoka Mbagala kwenda Chanika anaweza kuhesabu shilingi peke yake, kwa sababu barabara ya Februari ndiyo barabara ya Julai, labda iwe na matope kidogo. Anayevuka bahari ana hesabu nyingine juu ya hiyo, nayo ni ya upepo.

Mafia ni wilaya ya Mkoa wa Pwani, mkabala wa delta ya Rufiji. Asiye na uwezo wa ndege hupanda gari Mbagala Rangi Tatu, hukata kushoto Bungu, hufika Nyamisati wilayani Kibiti, kisha huvuka kwa boti au kivuko hadi Kilindoni. Kuanzia Aprili hivi hadi Septemba huvuma kusi. Bara la Asia linapopata joto, hewa iliyo juu yake hupanda, na upepo wa kusini huvutwa kwenda kujaza nafasi hiyo, ukipitia kwetu. Kuanzia Desemba hadi Machi mambo hugeuka, kaskazi ikavuma, na bahari kwa kawaida huwa nafuu. Kati ya pepo hizo mbili kuna maleleji, siku ambazo hata mgeni hujiona nahodha. Kusi ikikaza, hasa Juni hadi Agosti, vyombo huchelewa au safari huahirishwa. Na kila kinachochelewa kuvuka hupanda bei, iwe kitunguu, gesi, saruji au kipuri cha compressa.

Sasa turudi kwenye milioni 14. Namba hizi ni za mfano, weka zako. Tuseme wanandoa wawili wanatumia shilingi 700,000 kwa mwezi. Milioni 14 zingewatunza miezi 20, na ukisikia hivyo unajiona tajiri. Lakini wanapanga kuhama Januari, bahari ikiwa imetulia na embe zimeiva. Milioni 4 kiwanja, milioni 5 msingi na kuta. Zinabaki milioni 5, sawa na miezi saba. Januari hadi Julai. Yaani fedha zinakwisha kusi ikiwa kileleni, nyumba haina paa, bati liko Nyamisati linasubiri chombo, na fundi kesharudi kwao. Nimeliona jambo hili kwa macho yangu zaidi ya mara moja, na waliopatwa hawakuwa wavivu wala wajinga. Walihesabu vizuri sana kitu kimoja tu.

Na hiyo ni kusi ya kawaida. Tarehe 4 Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Wazee wetu wa pwani walikuwa na kumbukumbu ya kimbunga cha 1872 kilichoangusha mikarafuu ya Unguja, na kile cha 1952 kilichoipiga Lindi, lakini sisi tuliozaliwa baadaye tulizoea kusema vimbunga ni mambo ya Msumbiji na Madagaska. Anayejenga kisiwani leo afunge paa lake kama mtu asiyesema hivyo tena.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza huwakera wengi: mwaka wa kwanza msinunue ardhi. Pangeni chumba na ukumbi Kilindoni, muishi kaskazi moja na kusi moja, ndipo mfungue pochi. Najua kodi inauma, na kwamba mtu amehama Dar kwa kuikimbia kodi hiyo hiyo. Lakini ardhi ya Mafia ina mambo ambayo hayaonekani kwa siku tatu za kutembezwa na dalali.

La kwanza ni sheria. Sehemu kubwa ya kisiwa ni ardhi ya vijiji, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaipa halmashauri ya kijiji kazi ya kuisimamia kwa niaba ya wanakijiji. Halmashauri hiyo haiwezi kukugawia ardhi mpaka mkutano mkuu wa kijiji uridhie. Mkikabidhiwa karatasi yenye saini ya mwenyekiti na mhuri wa bluu, mkaambiwa "tayari", muulize muhtasari wa mkutano uko wapi. Mkinunua kutoka kwa mtu binafsi nanyi si wakazi wa kijiji hicho, mauziano yanahitaji kibali cha halmashauri pia. Mjini, kwenye viwanja vilivyopimwa, mtashughulika na halmashauri ya wilaya chini ya Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka huo huo. Ni sheria mbili zenye milango miwili tofauti, na dalali mara nyingi anajua mmoja tu.

La pili ni ufuo. Kila anayehamia kisiwani anataka kuamka asikie mawimbi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Kwa hiyo kile kiwanja "cha beach" unachouziwa, chukua futi kamba, pima kwanza. Upande wa kusini, kuanzia Utende hadi visiwa vya Chole, Juani na Jibondo, kuna jambo la ziada: ni eneo la Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa 1995, yenye kilomita za mraba 822. Watu wanaishi humo na vijiji vimo, lakini kujenga, kuvua na kuchukua mawe ya matumbawe kuna kanuni zake. Zisomeni kabla ya kununua.

La tatu halimo kwenye sheria yoyote niliyoitaja, nalo ndilo ninalolipenda kulieleza. Pwani yetu, na Mafia hasa, mnazi na ardhi vinaweza kuwa na wenyewe wawili. Pat Caplan, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyeanza utafiti katika kijiji cha Kanga, kaskazini mwa kisiwa, mwaka 1965 na kurudi mara nyingi, aliandika kwa kirefu jinsi ardhi ya kulima inavyofuata ukoo huku minazi ikiwa mali ya mtu mmoja mmoja, inayorithiwa na kuuzwa. Ninyi mnanunua eka moja yenye minazi 40. Mnalipa, mnasherehekea, mnaanza kung'oa minazi sita ili mpate nafasi ya nyumba. Asubuhi anakuja bibi mmoja na wajukuu zake, haonyeshi hasira, anauliza tu kwa utulivu: nani kawaambia mkate minazi yangu? Na ana haki. Aliyewauzia aliuza ardhi, minazi ilikuwa ya shangazi yake. Basi katika hati ya mauziano andikeni idadi ya minazi na jina la mwenye kila mnazi, mbele ya majirani wa pande zote nne. Majirani hao, kwa uzoefu wangu, wana thamani kuliko wakili aliyeko Dar.

Kujenga kwenyewe nitawapitisha haraka. Msitumie mchanga wa pwani kwa zege, chumvi yake hula nondo kutoka ndani. Bati la bei rahisi hupata kutu mapema karibu na bahari. Makuti ni nafuu na nyumba inapoa, ila baada ya miaka michache hubadilishwa, kwa hiyo yaingizwe kwenye bajeti ya kila mwaka kama kodi. Kisima kilicho karibu na ufuo kikivutwa kwa pampu kupita kiasi huleta maji ya chumvi, kwani maji baridi ya kisiwa yanaelea juu ya maji ya bahari kama mafuta juu ya mchuzi. Simtanki na mfereji wa kukinga mvua ya masika viwahi kununuliwa kabla ya kochi.

Sasa suala la ndoa, ambalo watu huliona halihusiani na kuhama mpaka wafike mahakamani. Akiba ya wale wageni wangu ilitokana na friji za mume na cherehani ya mke, lakini kwenye daftari kiwanja kiliandikwa jina moja. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema mali iliyopatikana wakati wa ndoa kwa jina la mmoja hudhaniwa kuwa ya huyo mmoja, hadi ithibitishwe vinginevyo. Ikiwa kwa majina ya wote wawili, hudhaniwa wana haki sawa. Nyumba ya ndoa haiwezi kuuzwa wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi. Na tangu hukumu ya Mahakama ya Rufani katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, 1983, kazi za nyumbani zinatambuliwa kuwa mchango katika mali. Yote hayo ni kinga, lakini ni kinga ya kupigania kwa miaka, tena kwa kuvuka bahari. Majina mawili kwenye hati hayaongezi gharama yoyote ya maana. Mume alipolisikia hili alikohoa kidogo, kisha akachukua kalamu akaongeza jina mwenyewe.

Mtakula nini huko? Sensa ya 2022 ilihesabu Mafia watu 66,000 na ushei, kutoka 46,000 na kidogo mwaka 2012. Soko linakua, ila bado ni dogo: saluni ya tatu katika mtaa mmoja inaua mbili zilizotangulia. Angalieni fedha inavyotembea. Wageni wanaokuja kuogelea na papa potwe huja Oktoba hadi Machi, na hoteli nyingi hufunga Aprili na Mei kwa sababu ya masika. Vijijini fedha hufuata mwezi mwandamo. Bamvua ikifika, maji yakapwa sana, miamba hujitokeza na kina mama hushuka kutafuta pweza. Siku hizo duka linauza taslimu. Maji mafu yakiingia, daftari la mkopo linanenepa. Mgeni asiyelijua hili hudhani wateja wamemchoka, akafunga duka siku nne kabla ya bamvua.

Fundi friji, kwa bahati, ana kazi mahali penye samaki. Barafu ndiyo uhai wa biashara hiyo, na umeme wa Mafia kwa miaka mingi umezalishwa hapo hapo kisiwani kwa mitambo ya mafuta, mbali na gridi ya Taifa. Umeme ukiyumba, vifaa vya baridi huharibika. Nilimwambia aache kununua friza la biashara, ajaze sanduku vipuri. Friza moja likiharibika anapoteza mtaji. Vipuri vikiwepo, friza za watu wengine ndizo zinazomlisha. Mke naye avuke na cherehani ya kukanyaga kwa mguu.

Kuna fungu moja ambalo sikubali liguswe, nami huliita fedha ya kuvukia. Hospitali ya wilaya iko Kilindoni, lakini rufaa ni kuvuka. Mimba yenye matatizo, mfupa uliovunjika vibaya, mzazi anayeumwa ghafla Songea: kila kimoja kinataka nauli ya watu wawili, pengine ya ndege, pengine usiku huo huo. Katika milioni 14 nilitenga 3 kwa ajili hiyo, kwenye akaunti inayohitaji saini za wote wawili. Milioni 8.4 ni maisha ya miezi 12 bila kutegemea mapato. Zilizobaki, milioni 2.6, ndizo mtaji. Mume akasema mtaji ni mdogo. Ni mdogo kweli. Lakini anao mwaka mzima wa kuukuza bila njaa kumsukuma kukubali kila kazi na kila kiwanja.

Halafu nikawapa wazo ambalo hawakulipenda: mmoja atangulie. Fundi abaki Dar miezi sita na wateja wake, mke avuke na cherehani, au kinyume chake. Wakifika wote siku moja, mapato yanakatika siku moja. "Tunahama ili tuwe pamoja, mzee," mke akasema, na hapo hesabu yangu haikuwa na jibu. Niliwaambia tu kwamba nimeona wanandoa wakitengana Mafia kwa sababu ya kukosa fedha, sijaona waliotengana kwa sababu ya miezi sita ya boti na simu.

Waliondoka na daftari lile lile, sasa likiwa na miezi pembeni. Nawe unayesoma, kama kisiwa kinakuita, usiende kukitazama Desemba wakati kila kitu kinapendeza. Nenda na mwenzako Julai, pandeni boti Nyamisati, lipeni nauli yenu wenyewe, mkae wiki mbili. Mkirudi mkiwa bado mnapataka, njooni tufungue ukurasa wa kiwanja.