Shule zikifunguliwa, madirisha nayo yafunguliwe

Tarehe 12 Oktoba 2020, baada ya kukaa nyumbani karibu miezi 7 kwa sababu ya korona, wanafunzi wa Gredi ya 4, Darasa la 8 na Kidato cha 4 nchini Kenya walirudi shuleni. Langoni walipimwa joto kwenye paji la uso, wakanawa mikono, kisha wakaingia katika madarasa ambayo madawati yake yalikuwa yamesogezwa mbalimbali. Wenzao walisubiri hadi 4 Januari 2021, na waliporudi wote, hesabu ya madawati ikakataa. Darasa lililojengewa wanafunzi 40 likabeba 70 halina pa kuiweka mita moja kati ya mtoto na mtoto. Hapo ndipo lilipozungumzwa wazo la kufundishia chini ya miti. Wengi walilidharau, wakaliona ni aibu ya taifa. Kwa kukinga maambukizi, mti ule ulikuwa na faida kubwa kuliko kile kipima joto cha langoni.

Kipima joto humnasa mwenye homa. Aliyeambukizwa korona anaweza kuwaambukiza wengine siku moja au mbili kabla hajahisi lolote, na watoto wengi waliougua hawakupata homa kabisa. Virusi vyenyewe hutoka na pumzi. Mtu anapoongea, anapoimba au anaposoma kwa sauti, hutoa matone ya ukubwa tofauti. Makubwa huanguka karibu naye, na hayo ndiyo yaliyotufanya tupime mita. Madogo sana hayaanguki upesi, huelea na kuenea chumba kizima kama moshi wa jikoni, na aliyekaa dawati la nyuma huyavuta sawa na wa mbele, hata mwenye chembe hizo akiwa ameshatoka nje.

Kisa kimoja cha Jerusalem kinalionyesha jambo hili vizuri. Israel ilifungua shule zote tarehe 17 Mei 2020. Siku chache baadaye likaja joto kali la karibu nyuzi 40, wanafunzi wakaruhusiwa kuvua barakoa kwa siku tatu, na viyoyozi vikawashwa kutwa nzima. Katika shule moja ya sekondari, yenye zaidi ya wanafunzi 30 kwa kila darasa, waliambukizwa wanafunzi 153 na wafanyakazi 25. Kiyoyozi cha kawaida hupoza hewa iliyomo chumbani na kuirudisha ilikotoka, hakiingizi hewa mpya. Shule zetu nyingi hazina viyoyozi, na kwa jambo hili tuna bahati.

Hewa ya chumba inaweza kupimwa. Hewa ya nje ina takribani sehemu 420 za hewa ya ukaa katika kila milioni, ilhali pumzi tunayoitoa ina kama 40,000. Kipimo cha darasani kikifika 1,200, maana yake ni kwamba karibu asilimia 2 ya hewa iliyomo imeshapita kwenye mapafu ya mtu mwingine. Katika kila pumzi 50 anazovuta mtoto, moja ni ya wenzake. Uingereza ilisambaza vipimo kama 300,000 vya aina hii shuleni kuanzia msimu wa vuli wa 2021. Sisi hatuhitaji kusubiri vifaa hivyo. Ukiingia darasani kutoka nje ukakutana na joto zito na harufu ya jasho, pua imeshakupa jibu. Madirisha ya kuta mbili zinazotazamana yakiwa wazi, upepo hupita na kuibadilisha hewa yote kwa muda mfupi. Dirisha la upande mmoja peke yake hufanya kazi kidogo sana.

Nasisitiza hili kwa sababu gharama ya kufunga shule tumeiona kwa jirani. Mwezi Aprili 2020 zaidi ya wanafunzi bilioni 1.5 duniani walikuwa nyumbani. Tanzania ilifungua shule zote tarehe 29 Juni mwaka huo. Uganda, yenye wanafunzi wapatao milioni 15, iliwarejesha baadhi yao Oktoba 2020, ikafunga tena Juni 2021, na haikufungua kikamilifu hadi 10 Januari 2022. Wapo wasichana waliorudi wakiwa na watoto mgongoni, na wapo ambao hawakurudi kamwe. Walimu wa shule binafsi, waliokaa bila mshahara, waliingia kwenye biashara na bodaboda. Na wakati wote huo ugonjwa uliua wazee na wenye kisukari au shinikizo la damu kuliko watoto, ndiyo maana Kenya ilifanya vema kuwaweka walimu katika kundi la kwanza la chanjo Machi 2021.

Kabla ya kufunga shule, basi, tuulize kwanza ugonjwa unapita wapi. Kipindupindu hupita kwenye maji na chakula, kwa hiyo choo, sabuni na kibuyu chirizi ndivyo vinavyookoa. Ebola huambukiza kwa kugusa majimaji ya mgonjwa, na dirisha wazi halisaidii chochote. Uganda ilipofunga muhula wiki mbili kabla ya wakati wake kwa sababu ya Ebola, Novemba 2022, ilikuwa inapunguza kugusana. Kifua kikuu hupita hewani kama korona, nacho hakikuondoka na barakoa zetu.

Mahali ninapopahofia zaidi ni bweni. Darasani mtoto hukaa saa chache na mwalimu anaweza kuagiza madirisha yafunguliwe. Usiku, katika maeneo ya baridi kama Nyandarua au Njombe, kila kitu hufungwa kwa ajili ya baridi, mbu na wezi, na matundu ya hewa juu ya ukuta huzibwa kwa magunia. Vitanda vya ghorofa hubanana, na pumzi za wanafunzi hukusanyika humo hadi alfajiri. Kulala mmoja akielekeza kichwa kule mwenzake alikoelekeza miguu husaidia kidogo bila gharama. Wavu wa mbu dirishani na blanketi la pili husaidia zaidi, kwa sababu bila hivyo hakuna mtoto atakayeliacha dirisha wazi.

Kenya ina mwongozo wa usalama shuleni wa tangu 2008, unaotaka madirisha ya mabweni yasiwe na vyuma na yafunguke kwa urahisi. Uliandikwa kwa hofu ya moto, lakini dirisha linalomtoa mtoto nje usiku wa moto ndilo hilohilo linalomwingizia hewa safi usiku wa kawaida. Mzazi anayekwenda shuleni siku ya kutembelea wanafunzi aombe kuingia bwenini na ajaribu kulifungua yeye mwenyewe.