Kompyuta inahesabu seli za damu, lakini usifunge macho

Ushawahi kupimwa damu, ukaketi kwa benchi ukingoja jina lako liitwe? Nyuma ya ule mlango huenda kuna mtu ameinamia hadubini, anahesabu. Na si mchezo.

Kabla karo inilemee mwaka wa pili, nilikuwa nasomea mambo ya maabara. Siku moja tulipewa sampuli sisi watatu, tuhesabu seli nyeupe. Unachanganya damu na maji ya dawa yanayoyeyusha seli nyekundu, unaiweka kwenye kioo chenye miraba, kisha kila seli unayoona unabofya kaunta mkononi. Ukimaliza miraba minne mikubwa ya pembeni, unazidisha jumla kwa 50.

Mimi nilipata 74, mwenzangu 79, na wa tatu 83. Sasa zidisha: 3,700, 3,950 na 4,150. Kwa mtu mzima, kawaida ni takriban 4,000 hadi 11,000 kwa maikrolita moja. Yaani wawili wetu tulisema seli zimepungua, mmoja akasema mambo ni shwari. Na kioo kilikuwa kile kile!

Kosa langu? Seli zilizogusa mstari. Kanuni ni uhesabu za pande mbili za mraba, uache za pande mbili zingine. Mimi niliacha zote.

Hapo ndipo kompyuta inaingia. Kuna programu ya bure inaitwa ImageJ, iliyoanzishwa Marekani na Wayne Rasband wa taasisi ya afya ya NIH. Hata laptopu ya mtumba inaibeba. Unaipa picha iliyopigwa kupitia hadubini, inaigeuza iwe nyeusi na nyeupe, inatenganisha seli zilizoshikana, halafu inahesabu. Haichoki, haisinzii saa nane mchana.

Lakini tulia kwanza. Programu haijui seli ni nini. Inajua doa. Usipoiambia ukubwa wa doa unalotaka, itakuhesabia hata vumbi. Seli mbili zikilaliana sana, itasema ni moja. Na ukikosea kiwango cha weusi, itakosea vilevile kwenye kila picha, bila aibu.

Kwa hivyo, kama unasomea maabara na unaogopa mashine itakunyang'anya kazi, jifunze kuikosoa. Tafuta picha ya seli mtandaoni, uihesabu mwenyewe, kisha uipe programu. Namba zikipishana, usikimbilie kuamini upande wowote. Rudi kwa picha, tafuta ile seli iliyoleta ubishi. (Haya ni mazoezi tu, usije ukampima jirani!)

Mimi cheti sikupata. Ila zile 74 sijazisahau, kwa sababu siku hiyo ilikuwa damu ya mazoezi. Kesho inaweza kuwa ya mamako.