Elimu Impayo Maiti Ulimi

Juma lililopita, barazani hapa Darajani, kijana mwenye shahada ya kwanza ya kemia alituonyesha bahasha yake. Anaomba nafasi ya shahada ya uzamili katika sayansi jinai, yaani elimu ya kuchunguza damu, sumu, alama za vidole na mabaki ya mwanadamu ili mahakama iujue ukweli. Mzee mmoja muuza samaki akamwuliza: "Mwanangu, elimu ya maiti itatufaa nini?" Kijana akainama kwa adabu. Swali lastahili jibu, nasi twalitoa.

Wananchi wa Unguja na Pemba hawajaisahau tarehe 10 Septemba, 2011, ilipozama meli ya Spice Islander katika mkondo wa Nungwi. Maiti walilazwa viwanjani Maisara, jamaa wakapita safu kwa safu wakitafuta sura wanazozijua. Wasiotambuliwa wakazikwa Kama. Tarehe 18 Julai, 2012, ikazama Skagit, na msiba ukarudi.

Sura ya mtu huharibika upesi majini na juani. Vinasaba vyake hudumu, na mate kidogo ya mama au mtoto hutosha kuvilinganisha. Elimu hiyo, iliyovumbuliwa na Alec Jeffreys huko Leicester mwaka 1984, humpa mfiwa kaburi la kulizuru. Tena humwokoa asiye na hatia. Katika kesi ya kwanza ya mauaji kutumia vinasaba huko Uingereza, kijana aliyekuwa amekiri kosa asilolitenda aliachiwa huru. Muuaji wa kweli akahukumiwa mwaka 1988. Je, mfanyakazi asiye na fedha za wakili hahitaji shahidi wa namna hiyo?

Zanzibar tunayo Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Lakini mashine haijisomi yenyewe, na maabara bila wataalamu ni jengo tu.

Basi vijana wajue njia. Kwanza, msingi ni kemia au biolojia iliyosomwa barabara. Mapenzi ya hadithi za upelelezi hayatoshi. Pili, si lazima kutazama Ulaya peke yake. Chuo Kikuu cha Strathclyde, Glasgow, kinafundisha elimu hii tangu miaka ya 1960. Lakini Chuo Kikuu cha Taifa cha Sayansi Jinai cha India kilifungua tawi Jinja, Uganda, mwaka 2023. Tatu, barua ya maelezo iseme kweli: umefanya nini maabarani, na utarudi kufanya nini nyumbani. Nne, kukubaliwa si kulipiwa. Maombi ya ufadhili au mkopo yaanze pamoja na maombi ya chuo, si baada yake.

Na wakubwa nao wana wajibu. Kijana yule alikuwa na kila karatasi isipokuwa barua moja ya mapendekezo, aliyoahidiwa na mwalimu wake tangu miezi miwili. Siku ya mwisho ya maombi haimngoji mkubwa amalize chai yake. Kalamu iliyolala mezani yaweza kuinyima nchi mtaalamu.

Mzee wetu wa Darajani, jibu ni hili: elimu ya maiti ni haki ya walio hai. Wanachama na wafanyakazi, tuwasukume vijana wetu waende; nao, wakishasoma, warudi. Kule Kama wamelala watu wetu wasiojulikana majina. Ajali nyingine ikitufika, Mungu apishe mbali, isitukute tena mikono mitupu.